Namna ya Kufunga Mitambo ya Redio ya Mtandaoni Mjini Arusha

Redio ya mtandaoni inaweza kuanzishwa Njiro, Sakina au Ngarenaro katika chumba kimoja cha nyumba ya kupanga, bila mnara, bila transmita na bila masafa ya FM, na sauti yake ikasikika Mererani, Dar es Salaam na Muskat kwa wakati uleule. Wepesi huo ndio unaowafanya wengi waanze kwa kununua maikrofoni ya bei kubwa, kisha wabaki wanajiuliza kwa nini matangazo yanakatika kila jioni. Mwongozo huu unapita njia ya kinyume: unaanza na msikilizaji mwenye simu na bando dogo, halafu unarudi hatua kwa hatua hadi kwenye kinywa cha mtangazaji. Msimamo wake ni kwamba msikilizaji huvumilia sauti ya wastani lakini havumilii ukimya, na kwa hiyo fedha ya kwanza inapaswa kwenda kwenye vitu vinavyozuia matangazo yasikatike.

Kwanza ni vizuri kuielewa safari yenyewe ya sauti. Sauti huingia kwenye maikrofoni, hupita kwenye mikisa au kadi ya sauti ya nje inayoigeuza kuwa tarakimu, huingia kwenye kompyuta kwa waya wa USB, na hapo programu iitwayo enkoda huibana na kuituma kwenye seva kupitia intaneti ikiwa mkondo mmoja tu. Seva ndiyo inayougawa mkondo huo kwa kila anayefungua kiungo cha redio, kama tangi linalojazwa kwa bomba moja na kuchotwa kwa mabomba mia. Ndiyo maana intaneti ya studio haihitaji kuongezwa kila wasikilizaji wanapoongezeka, na ndiyo maana pia si busara kuiweka seva kwenye kompyuta ya studioni, kwani hapo kila msikilizaji angevuta data moja kwa moja kutoka kwenye laini yako.

Bando la msikilizaji

Uamuzi wa kwanza wa kiufundi ni kasi ya mkondo, inayopimwa kwa kilobiti kwa sekunde, na gharama yake humwangukia msikilizaji kuliko mwenye redio. Hesabu yake ni nyepesi: zidisha kilobiti kwa sekunde 3,600 za saa moja, kisha gawa kwa 8 upate kilobaiti. Mkondo wa kilobiti 128 hula megabaiti 57.6 kwa saa, wa 64 hula megabaiti 28.8, na wa 48 hula megabaiti 21.6. Bando la gigabaiti 1 likitumika kwa redio peke yake litadumu saa 17 hivi kwa mkondo wa 128 na saa 46 hivi kwa mkondo wa 48. Mama anayeuza mboga Soko la Kilombero na kusikiliza saa 10 kwa siku atamaliza bando siku ya pili kwa mkondo wa kwanza, na siku ya tano kwa mkondo wa pili. Tofauti hiyo ndiyo inayoamua kama atarudi wiki ijayo.

Kuhusu namna ya kubana sauti, MP3 bado ndiyo inayosomeka kwenye kila simu na kila kompyuta, na tangu hataza zake zilipokwisha mwaka 2017 haina mlolongo wa ada. Udhaifu wake huonekana chini ya kilobiti 96, ambapo muziki huanza kusikika kama unapigwa ndani ya ndoo. AAC ya daraja la HE hubaki nzuri hata kwenye kilobiti 48, na simu za kisasa huisoma bila shida. Opus, iliyowekewa kiwango rasmi mwaka 2012, inazishinda zote mbili kwenye kasi ndogo, ila zipo simu na vivinjari vya zamani visivyoicheza, na kwa hadhira ya mchanganyiko kama yetu hilo ni tatizo la kweli. Ushauri wangu ni kurusha mikondo miwili kutoka chanzo kimoja: mmoja wa MP3 kilobiti 128 kwa wenye intaneti ya nyumbani au ofisini, na mwingine wa HE-AAC kilobiti 48 kwa wenye bando, huku ukiuweka wa pili juu kabisa kwenye ukurasa wa redio. Ikiwa vipindi vyako ni vya mazungumzo au mahubiri, tumia chaneli moja badala ya stirio, kwa maana sauti ya mtu mmoja haifaidiki na stirio na sehemu ya kilobiti hupotea bure.

Seva

Programu ya seva inayotumika sana ni Icecast, programu huria inayosimamiwa na shirika la Xiph.Org, ambayo hukubali wasikilizaji kupitia poti (namba ya mlango wa seva) 8000 usipoibadilisha. Mipangilio yake imo kwenye faili la icecast.xml, na jambo la kwanza la kufanya ndani ya faili hilo ni kubadilisha nenosiri. Icecast huja na nenosiri la mfano, hackme, linalojulikana dunia nzima, na anayeliacha hivyo hivyo amemkaribisha mtu yeyote aingie hewani badala yake. Kisha angalia kikomo cha wasikilizaji, ambacho kwenye faili la mfano ni 100, ukipandishe kulingana na uwezo wa seva. Kwa kukadiria uwezo huo, wasikilizaji 200 kwa pamoja kwenye kilobiti 64 wanahitaji megabiti 12.8 kwa sekunde kutoka kwenye seva. Na wastani wa wasikilizaji 100 usiku na mchana kwa siku 30 utatumia takribani terabaiti 2.07. Takwimu hiyo ya mwisho ndiyo ya kumuuliza mwenye kukodisha seva, kwa sababu mikataba mingi ya bei nafuu huweka ukomo wa data kwa mwezi.

Mstari ulio muhimu kuliko yote katika faili hilo ni ule wa fallback-mount. Huo huielekeza seva iwahamishie wasikilizaji kwenye mkondo wa akiba pale mkondo mkuu unapokatika, na fallback-override ikiwekwa 1 seva huwarudisha yenyewe mara studio inapopatikana tena. Pasipo mstari huo, simu za wasikilizaji wote hunyamaza kwa mpigo mmoja, na wengi wao hawatabonyeza tena. Mkondo wa akiba sharti uwe wa aina ileile na kasi ileile na mkuu, la sivyo programu nyingi za kusikilizia zitakwama wakati wa kuhama.

Njia iliyo bora zaidi, na ambayo ningemshauri kila anayeanza leo aichague, ni kufunga AzuraCast kwenye seva ya kukodi yenye mfumo wa Linux. AzuraCast imejengwa juu ya Icecast na Liquidsoap, programu ya kupanga na kupiga sauti za redio, inaendeshwa kwa kivinjari, na hupiga nyimbo, matangazo na vipindi vilivyorekodiwa ikiwa hukohuko kwenye seva. Studio yako huingia tu pale mtangazaji anapokuwa hewani moja kwa moja. Kwa mpangilio huo umeme ukikatika Sakina saa mbili usiku, redio inaendelea. Studio hubaki kuwa mahali pa kuzungumzia, na moyo wa redio unakuwa mahali penye umeme wa uhakika.

Mahali seva ilipo pana uzito wake. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za baharini za EASSy na SEACOM zilipokatika, intaneti ya Tanzania na ya nchi jirani ilizorota vibaya, na redio iliyokuwa na seva Ulaya tu ilikuwa mbali na wasikilizaji wake wa nyumbani. Ikiwa wengi wa wasikilizaji wako wako Arusha, Kilimanjaro na Manyara, kodi seva iliyo Tanzania au Afrika Mashariki, na uweke ya pili nje ya nchi ikinakili mkondo wa kwanza kwa ajili ya ndugu walioko mbali. Hakikisha pia kiungo cha redio kinapita kwenye njia salama ya https, kwa kuwa vivinjari vya sasa huzuia sauti ya http ndani ya ukurasa wa https, na baadhi ya ofisi hufunga poti 8000 kwenye mtandao wao.

Intaneti na umeme wa studio

Unapopima intaneti, usiangalie kasi ya kupakua ambayo ndiyo inayotajwa kwenye mabango. Angalia kasi ya kupakia, na uipime saa moja jioni hadi saa nne usiku, wakati mtaa mzima umerudi nyumbani. Ukirusha mikondo miwili ya 128 na 48 unahitaji kilobiti 176 tu kwa sekunde, lakini taka kasi ya kupakia isiyopungua megabiti 1 wakati wote, kwa sababu kinachoua matangazo ni kuyumba. Unganisha kompyuta na rauta kwa waya. Wi-Fi inayotosha kuangalia video haitoshi kurusha redio, kwa kuwa video hupakuliwa mbele kwa sekunde nyingi na redio ya moja kwa moja haina kitu cha kupakua mbele.

Kuwe na njia mbili. Faiba ikiwa njia kuu, laini ya simu ya kampuni nyingine iwe ya akiba kwenye rauta inayohama yenyewe. Kama unalazimika kutumia laini ya simu peke yake, panga bando lako ukijua kwamba mkondo wa kilobiti 64 kwa saa 24 hula megabaiti 691 kwa siku, yaani zaidi ya gigabaiti 20 kwa mwezi. Huo ni upande wa studio peke yake.

Kwa upande wa umeme, orodhesha wati za vifaa vya lazima tu. Kompyuta mpakato yenye wati 60, mikisa ya wati 20 na rauta ya wati 10 hufanya wati 90. Betri ya volti 12 na ampea-saa 100 ina wati-saa 1,200, lakini betri ya risasi na asidi hudumu miaka mingi ikitumiwa nusu yake tu, na inveta nayo hupoteza kiasi, hivyo tegemea kama wati-saa 510, ambazo zitabeba mzigo huo kwa saa tano na nusu hivi. Inveta iwe ya wimbi safi. Zile za bei ya chini hutoa umeme wa wimbi la ngazi-ngazi unaoingiza mlio kwenye nyaya za sauti, na hakuna kitufe cha mikisa kinachouondoa. Usisahau kiboksi cha faiba kilichoko ukutani, kwa kuwa mara nyingi studio nzima hubaki na umeme huku kiboksi hicho kimezimika.

Chumba

Mvua ya masika, kuanzia Machi hadi Mei, ndiyo adui mkubwa wa studio za Arusha na Moshi. Nyumba ya mabati isiyo na dari itakufungia kipindi mvua inapoanza, na hakuna maikrofoni duniani inayotenganisha sauti ya mtu na ngurumo ya mabati. Chagua chumba cha ndani chenye dari, kilicho mbali na barabara, na kama unaweza, juu ya dari tandaza kitu kizito kinachonyonya sauti. Madirisha ya vioo vya kupangwa kama ngazi hupitisha kila kitu: bodaboda, karakana ya kuchomelea, azana na kengele, na jogoo wa jirani. Yazibe kwa ubao na mapazia mazito.

Ndani ya chumba shida ni mwangwi. Kuta za bloku zilizopigwa plasta na sakafu ya marumaru hurudisha sauti kwa nguvu. Piga makofi mara moja katikati ya chumba na utasikia mlio unaotetemeka baada yake. Tandika zulia, weka kabati la vitabu au nguo nyuma ya mtangazaji, na tundika blanketi nzito au sponji ya godoro mbele na ubavuni mwake, zikiachwa nafasi ndogo kutoka ukutani. Trei za mayai, ambazo zimejaa kwenye studio nyingi za mitaani, hazizuii kelele ya nje hata kidogo, hupunguza mwangwi wa sauti nyembamba tu, na hushika moto upesi. Ziachwe.

Maikrofoni, nyaya na viwango

Kwa chumba kisicho kamili, nunua maikrofoni ya dainamiki badala ya kondensa. Kondensa huhitaji umeme wa volti 48 kutoka kwenye mikisa na husikia kila kitu, hadi feni ya kompyuta. Dainamiki husikia kilicho mbele yake. Shure SM58, iliyoingia sokoni mwaka 1966, bado ni chaguo la heshima, ila ziko bidhaa bandia nyingi, hivyo inunue kwa muuzaji atakayekuruhusu kuijaribu. Mtangazaji akae umbali wa upana wa kiganja kutoka kwenye maiki, akiielekezea mdomo kidogo kwa upande ili pumzi za herufi p na b zipite pembeni. Tumia nyaya za XLR, zile za pini tatu, zisipitishwe sambamba na nyaya za umeme, na vifaa vyote vichomekwe kwenye ekstensheni moja yenye ethi inayofanya kazi kweli. Ukisikia muungurumo mzito wa hezi 50, chomoa chaja ya kompyuta mpakato kwanza. Muungurumo ukitoweka, tatizo ni mzunguko wa ethi, na kiboksi cha transfoma ya kutenganisha sauti kati ya mikisa na kompyuta kitalimaliza. Usikate kamwe mguu wa ethi kwenye plagi ili kuondoa mlio.

Upangaji wa viwango una utaratibu wake. Mwambie mtangazaji asome habari kwa sauti anayotumia akiwa hewani, akicheka na kuinua sauti kama kawaida yake, kwa sababu akiambiwa aseme "moja mbili, moja mbili" atanong'ona. Ongeza gaini taratibu huku ukitazama kipimo cha kompyuta, mpaka vilele vya sauti vicheze kati ya desibeli −12 na −6, visifike 0 hata mara moja, kwa maana sauti iliyopasuka kwenye tarakimu haitengenezeki tena. Weka kikandamizaji (kinachopunguza tofauti ya sauti kubwa na ndogo) cha uwiano wa 3 kwa 1, na kizuizi (kinachozuia vilele visipite kiwango) kwenye −1. Wastani wa sauti yote ukiwa kati ya −18 na −16 LUFS, yaani kipimo cha ukubwa wa sauti kama sikio linavyousikia, msikilizaji hatakuwa akiongeza na kupunguza simu yake kila mtangazaji anapomaliza na wimbo kuanza. Nyimbo zenyewe zisawazishwe kwa ReplayGain, alama ya ukubwa wa sauti inayoandikwa kwenye faili la wimbo, ambayo AzuraCast na Mixxx, programu ya bure ya kupigia muziki, zote zinaielewa.

Kwa enkoda, BUTT ni programu ndogo ya bure inayofanya kazi kwenye Windows, Mac na Linux. Iandikie anuani ya seva, poti, nenosiri na jina la mkondo, chagua kadi ya sauti ya nje badala ya maiki ya kompyuta, na uwashe sehemu ya kujiunganisha upya na ile ya kurekodi kipindi. Kadi ya sauti, kompyuta na enkoda vyote viwekwe kwenye sampuli 44,100 kwa sekunde au vyote 48,000. Vikitofautiana utasikia mikwaruzo isiyoeleweka inatoka wapi. Zima usingizi wa kompyuta, masasisho ya kujianzisha na milio yote ya ujumbe, kwa kuwa mlio wa WhatsApp nao huenda hewani.

Simu za wasikilizaji zinahitaji uangalifu. Mpigaji arudishiwe kila sauti isipokuwa yake mwenyewe, la sivyo atajisikia kwa kuchelewa na kushindwa kuongea. Kwenye mikisa ya kawaida fungua AUX (njia ya pembeni ya kutolea sauti) kwenye chaneli za maiki na muziki, ifunge kabisa kwenye chaneli ya simu, kisha peleka AUX hiyo kwenye simu. Mpigaji aombwe kuzima redio yake, kwani mkondo wa mtandaoni huchelewa sekunde kadhaa, mara nyingine hata nusu dakika.

Leseni na haki za wasanii

Leseni ya maudhui mtandaoni nchini hutolewa na Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA), chini ya Kanuni za Maudhui Mtandaoni za mwaka 2020 na marekebisho yake, zilizochukua nafasi ya zile za 2018. Ofisi ya Kanda ya Kaskazini ya TCRA iko Arusha. Nenda ukaulize kama vipindi vyako vinahitaji leseni, na ya aina gani, kabla ya kurusha. Muziki nao una wenyewe, na kazi ya kukusanya mirabaha, iliyokuwa ya COSOTA, ofisi ya hakimiliki ya nchi, imehamia kwa mashirika ya usimamizi wa pamoja wa haki.

Majaribio

Usijaribu redio kwa Wi-Fi ya studio. Chukua simu ya kawaida yenye data ya laini, panda daladala ya kwenda Usa River, na usikilize mkondo wa kilobiti 48 njia nzima kwa hedifoni. Icecast humtumia msikilizaji anayeingia tu kiasi cha baiti 65,535 kwa mkupuo, ambazo kwa kasi ya kilobiti 48 ni takribani sekunde 11 za akiba, na kwa kilobiti 128 ni sekunde 4 tu. Safari hiyo itakuonyesha kwa nini mkondo mwepesi hustahimili mabonde vizuri zaidi. Siku inayofuata, kipindi kikiwa hewani, chomoa waya wa intaneti kwenye kompyuta ya studio na uhesabu sekunde mpaka mkondo wa akiba usikike simuni, kisha uurudishe na uangalie kama BUTT imejiunganisha bila kuguswa. Rudia jaribio hilo kwa kuzima swichi kuu ya umeme. Matokeo yaandikwe kwenye karatasi na kubandikwa karibu na mikisa pamoja na hatua za kufuata, namba ya fundi wa zamu na mahali waya wa XLR wa akiba ulipo, na nenosiri la seva lijulikane na watu wawili.